Mlango wa Pande Mbili

Yule mama aliingia dukani bila hodi, akaanza kugeuza vigoda miguu juu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetafuta mayai ya kuku. Alikuwa amejenga nyumba mlimani, kwenye ukungu na baridi, na tangu asubuhi alikuwa akizunguka mtaa wa mafundi kununua vitu vya kuipamba: vikapu, vyungu, mikeka, vinyago. Dereva wake, bonge la mtu, alimfuata nyuma amekumbatia chungu huku jasho linamtoka. Mtaa mzima ulishapata habari zao, kwa sababu kila duka alilotoka mama huyo alimwacha mwenyewe akitukana peke yake.

"Hivi nimeviona kote," alisema, akakiachia kigoda kianguke. "Nyie wote mlifundishwa na mwalimu mmoja?"

Bi Msasa aliinama kukiokota. Jina hilo alipewa na mtaa kwa ajili ya kazi yake: mumewe alichonga, yeye akapiga msasa na kung'arisha kwa dawa ya viatu. Mumewe aliitwa Mkubwa, na alikuwa amekaa pale pale alipokaa siku zote, mwisho wa duka, kipande cha mti katikati ya magoti. Patasi yake ilikuwa ikigonga lakini haichongi kitu. Ndivyo walivyokubaliana: akisikia mteja anaingia, ashike patasi agonge.

Kwa maana Mkubwa alikuwa haoni. Aliona mwanga, aliona kivuli cha mtu mlangoni, basi. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yote mawili, na katika lile la kushoto daktari alikuta presha ya jicho pia. Mtoto wa jicho tutamtoa siku mtakayokuja na hela, daktari alisema, ila presha haisubiri mtu. Jicho ikishaliua, limekufa. Hela haikupatikana. Vinyago vilivyoning'inia mle dukani, vilivyosifiwa kwa mkono wa Mkubwa, vilichongwa na mkewe uani, mume akivipitisha vidole na kusema hapa toa, hapa acha. Mtaa haukujua. Nani angenunua kinyago kwa fundi kipofu? Na kuliko mtaa, kulikuwa na mtu mmoja ng'ambo ya barabara ambaye Mkubwa aliapa kuwa hatajua mpaka siku ya mazishi.

Mama wa mlimani alichagua vinyago vitatu na kuvikata bei mpaka Bi Msasa akaona heri angempa bure aondoke na adabu yake. Alikuwa akivifunga kwenye gazeti aliposikia shanga zinasukumwa kule nyuma.

"Na huu?"

Ulikuwa upande mmoja wa mlango wa zamani, umeegemezwa ukutani, majani yamechongwa yakapandana kutoka chini hadi juu. Bi Msasa alizoea kuutundikia shanga.

"Huu ndio niliokuwa nautafuta," mama yule alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na furaha. "Kitu kilichokula chumvi. Nitautundika sebuleni, juu ya mahali pa kuotea moto."

Patasi ilisimama. "Mlango ukutani?" Mkubwa aliuliza. "Utafungukia wapi?"

"Haufunguki, mzee. Ni pambo."

"Hauuzwi."

"Unauzwa," alisema Bi Msasa.

Mama yule alicheka kwa pua. "Mkishakubaliana mtaniambia. Na mwenzake uko wapi? Huu ni nusu. Nusu mlango siutaki hata wa bure."

Bi Msasa alinyoosha kidevu kuelekea ng'ambo ya barabara.

Mlango ule aliuchonga baba mzazi wa Mkubwa, na ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Nyumba yenyewe ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, mlango ukabaki. Mzee alipofariki wanawe wawili waligawana kila kitu sawasawa, na walipofika kwenye mlango hakuna aliyekubali mwenzake auchukue. Basi wakagawana hata huo, kila mtu na upande wake. Usawa mtupu, faida hakuna. Tena wakagombana juu ya usawa wenyewe, kwa sababu upande mmoja ndio uliobeba mfaa, ule mti wa katikati unaoziba ufa pande mbili zikikutana, na huo ulimwangukia mdogo. Mkubwa alisema ni wizi. Mdogo akasema ni wivu. Maduka yao yalitazamana kama majirani wema, lakini wenyewe hawakusalimiana tena. Mtaa ulisema mafahali wawili hawakai zizi moja, ukawaachia barabara katikati.

Mama wa mlimani alitaja bei ya mlango mzima. Bi Msasa aligawa kichwani. Nusu yake tu, fungu la upande mmoja, ilitosha macho yote mawili na nauli ya kurudi kutoka hospitali.

"Alasiri gari langu linapandisha mzigo," mama alisema akiwa tayari mlangoni. "Nikirudi nikute pande zote mbili, zimefutwa vumbi. La sivyo, kule stendi wanachonga mipya na kuifukizia moshi ionekane ya zamani. Wageni wangu hawatajua tofauti."

*

"Sivuki," alisema Mkubwa kabla mkewe hajafungua mdomo.

"Nani kakwambia uvuke?"

"Nakujua. Sivuki, na wewe usivuke. Yule mtu kaulaza mlango wa baba chali, kaufanya meza ya biashara. Kaugeuza uso chini ili nisiuone."

"Hata ungetazama juu usingeuona!"

Maneno yalimtoka, na Bi Msasa hakutamani kuyarudisha. Alikuwa amechoka. Alichoka kuchonga kwa jina la mtu mwingine, alichoka kumwekea mumewe sahani mahali pale pale kila siku ili mgeni akija asione mkono unatafuta mezani. Alichoka zaidi na kiburi chake, maana macho yalivyozidi kufifia ndivyo kiburi kilivyozidi kuona mbali.

"Bora nipofuke," Mkubwa alisema taratibu, "kuliko kumpa yule kicheko."

"Umeshapofuka, mume wangu. Kilichobaki ni hilo la kushoto kufa kabisa. Unataka nikupeleke kulizika?"

Mkubwa alipapasa makali ya patasi kwa kidole gumba. Kidole kile kilikuwa na makovu mapya matatu. Zamani alikuwa akiwacheka mafundi wanaojikata.

"Baba aliniambia mfaa ni wangu," alisema hatimaye. "Aliniambia mimi."

"Baba yenu aliwaambia wote wawili, ili kila mmoja afanye kazi kwa bidii. Mtaa mzima unajua isipokuwa nyie."

Akajitanda khanga, akavuka barabara.

*

Mke wa shemeji yake alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele. Alimwona mgeni tangu akiwa katikati ya barabara, na ndipo alipoinamia ungo kama ambaye hajawahi kuona mchele maishani.

"Hodi, dada."

"Hodi unapigia nini, wakati umeshasimama mbele yangu?"

"Nimekuja kwa heri."

"Aa. Heri ya kwenu huwa inavuka siku ikitaka kitu." Akatupa chuya mbele ya miguu ya Bi Msasa. Kiti kilikuwepo, kitupu, pembeni yake. Hakumkaribisha. Bi Msasa alisimama juani, akapiga moyo konde, akaueleza mkasa wote wa mama wa mlimani, mlango na bei, akamaliza, na yule akaendelea kuchambua mchele.

"Kwa hiyo mwenzangu umekuja kuuza kitu changu."

"Kitu chenu, pamoja na chetu. Tugawane sawa."

"Sawa tulishagawana. Mkasema tumewaibia."

Shemeji alitokea ndani aliposikia mazungumzo, amejaza mlango. Aliitwa Mdogo ingawa mwili wake ulikuwa wa watu wawili, na mtaa haukuchoka kuufurahia utani huo. Kwenye meza yake ya biashara, ambayo ndiyo huo upande wa mlango uliolazwa juu ya mapipa, kulikuwa na vijiko vya mti vichache na vumbi. Bi Msasa aliyaona hayo yote. Aliona pia kwamba ungo ule wa mchele ulikuwa na mchele wa kujaza kiganja tu.

"Shikamoo shemeji" hakuipata, ingawa yeye ndiye mke wa mkubwa, na mdogo ndiye aliyepaswa kuanza. Mdogo hakuanza.

"Nimesikia," alisema. "Hela naitaka. Nani asiyeitaka? Ila mwenyewe yuko wapi?"

"Ana kazi. Kanituma."

"Hajakutuma. Namjua kaka yangu, angekutuma ungekuja na matusi." Akacheka peke yake. "Nisikilize, shemeji. Mlango nautoa. Bei nimeikubali. Lakini aje mwenyewe. Avuke barabara kwa miguu yake, asimame hapa mbele ya watu, aseme mfaa ni wangu na kwamba sikuiba. Maneno hayo tu. Yakimshinda, mwambie yule mama akanunue moshi wa stendi."

"Shemeji, tafadhali. Mimi nitayasema mbele ya mtaa mzima. Nitapiga magoti ukitaka."

"Wewe hukuniita mwizi."

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Bi Msasa. Haoni, shemeji. Kaka yako haoni, na hela hiyo ni ya macho. Lakini aliapishwa, na tena alimtazama mke wa shemeji, aliyekuwa ameacha mchele na kutega masikio yote mawili, akajua habari hiyo ingefika kisimani kabla ya yeye kufika nyumbani. Akaimeza.

"Na akija," mke wa shemeji alisema akirudia ungo wake, "aje na salamu. Hapa si chooni kwamba mtu anaingia kimya."

*

Kilichomshinda Mkubwa hakikuwa hoja. Mkewe alirudi, hakusema kitu, akaketi uani na kinyago kilichochongwa nusu, akaanza kulia kwa hasira huku anafanya kazi. Mkubwa alisikiliza msasa ukikwaruza na kusimama, ukikwaruza na kusimama. Kazi ya mtu asiyeona vizuri anaitambua kwa sikio, na mkewe kwa machozi yale alikuwa haoni vizuri.

"Unaharibu," alisema kutoka ndani.

"Acha niharibu."

Mkubwa akaiweka patasi chini. "Kasema nini?"

Akamwambia. Mkubwa alitafuta shati lake safi kwenye msumari, akalivaa, na mkewe hakumsaidia vifungo kwa kuwa aliona vidole vyake vinakosea tundu na hakutaka ajue kwamba ameona.

"Nitasema mara moja," alisema. "Mara moja. Sirudii."

Waliondoka pamoja gari la mama wa mlimani lilipofika. Lilikuwa limejaa vikapu hadi juu, na liliegeshwa ng'ambo, mbele ya kwa Mdogo. Huko upande wa mlango ulikuwa umeshanyanyuliwa kutoka kwenye mapipa, umefutwa, umesimamishwa, na mfaa wake unang'aa. Watu walishakusanyika. Mtaa una pua. Ukinusa aibu ya mtu unaacha hata chungu jikoni. Bi Msasa alitembea hatua moja mbele ya mumewe, naye akafuata mwangaza wa khanga yake kama alivyozoea, na mtu asiyejua angesema ni mzee anayetembea kwa maringo. Barabara waliivuka salama.

"Wewe mama!"

Mama wa mlimani alimdaka mkono. Alikuwa na kinyago kimoja kati ya vile vitatu, gazeti limechanwa. "Hebu tazama hili jicho na hili jicho. Moja kubwa, moja dogo. Ndiyo kazi gani hii? Fundi gani huyu?"

"Nitakubadilishia, mama. Niache kidogo..."

"Sikuachi. Nimelipa."

Mkubwa hakujua kwamba khanga imesimama. Aliendelea mbele. Mbele yake aliona kivuli kipana kimesimama kando ya kivuli kirefu cha mlango, na katika mtaa ule kivuli kipana namna hiyo kilikuwa cha mtu mmoja tu. Akasimama, akakohoa, akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule.

"Assalaam aleikum, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mfaa ni wako. Uliangukia kwako kwa haki, nami nililijua hilo siku ile ile. Nilikuita mwizi kwa sababu iliniuma baba kutoniachia mimi. Hukuiba. Nimevuka barabara kukwambia mbele ya watu, na watu wamesikia."

Dereva wa mama wa mlimani alitazama nyuma yake kuona nani anaambiwa. Hakukuwa na mtu.

"Mzee," alisema kwa aibu, "mimi dereva tu."

Mtaa ulilipuka kwa kicheko. Kuna aliyejipiga mapaja, kuna aliyekaa chini. Bi Msasa alijinasua mkono, lakini alikuwa amechelewa. Mdogo alishatoka kizingitini, mishipa ya shingo imemsimama.

"Unanifanyia mchezo?" alinguruma. "Mbele ya mlango wangu? Nakwambia uje uniombe mimi, unakwenda kumwomba dereva, ili watu wanicheke mimi!"

"Nimesema," Mkubwa alisema, akigeuza uso huku na huku kutafuta sauti inakotoka. Uso wake ulikuwa umejaa jasho. "Nilisema mara moja. Sirudii."

"Nitakupasua!" Mdogo akainua ngumi, akaileta mpaka karibu na pua ya kaka yake.

Mkubwa hakupepesa. Hakurudi nyuma. Alisimama pale pale, macho yamefunguka wazi yakitazama kando kidogo ya ngumi, kwenye bega, ambako hakukuwa na kitu.

Ngumi ilibaki hewani. Kisha ikafunguka, ikawa kiganja, kikapita taratibu mbele ya uso ule, kulia, kushoto. Kicheko cha mtaa kilikatika chenyewe.

"Tangu lini?" Mdogo aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Kaka. Nimekuinulia ngumi."

Bi Msasa ndiye aliyejibu, maana kiapo kilikuwa kimeshavunjika mbele ya watu wote na hakikuwa na faida tena kwa mtu. Alisema habari ya mtoto wa jicho, akasema habari ya presha, akasema hela ya mlango ilikuwa ya nini. Aliyasema haraka haraka akimtazama shemeji yake peke yake. Alimwona mtu yule mpana anasinyaa, na kwa sekunde chache alifurahi. Alifurahi kumwona anaumia.

"Haoni?" Ilikuwa sauti ya mama wa mlimani. Alikuwa amekisogeza kinyago mbali na mwili wake kama kitu kinachonuka. "Sasa hivi vyangu kachonga nani?"

"Mimi, mpiga msasa wake," alisema Bi Msasa.

"Wewe mpiga msasa? Nimelipia mkono wa fundi, mnaniuzia mkono wa mpiga msasa?" Akavitoa garini vile viwili vilivyobaki, akavitupa vyote vitatu vumbini, kimoja kikapasuka pua. "Matapeli wakubwa. Na bei ya mlango sasa si ile. Natoa nusu yake. Mkikataa mtampeleka hospitali kwa vijiko vya mti."

Bi Msasa alipiga hesabu ya upesi kuliko zote alizowahi kupiga. Nusu ya bei, wakigawana, ni robo. Robo haifiki macho mawili. Jicho moja inafika. La kushoto.

"Tumekubali," alisema. "Pakieni."

"Haya, pakia," mama yule alimwambia dereva wake. "Upesi, kabla kipofu hajajikwaa juu yake akauvunja."

Dereva alishika mlango. Mkono wa Mdogo ukatua juu ya mkono wake.

"Kamwitaje?" Mdogo aliuliza.

"Shemeji," alisema Bi Msasa, "wacha."

"Kamwitaje kaka yangu?"

"Nimemwita alivyo," mama wa mlimani alisema. "Utauza au huuzi?"

Mdogo alijivuta akasimama wima, na alipokuwa wima alikuwa mtu wa kutazamwa. "Mlango huu aliuchonga baba yetu. Katuzaa wawili. Mwanamke wa kumtukana mkubwa wetu mlangoni kwangu halafu akautundike mlango wa baba ukutani, hajazaliwa. Hauuzwi."

"Hauuzwi!" alisema Mkubwa. Uso wake uling'aa. Miaka yote ile mkewe hakuwahi kumwona na uso ule. "Umesikia? Hauuzwi!"

Mtaa ulipiga makofi. Wale wale waliojipiga mapaja walipiga makofi kwa nguvu zaidi kuliko wengine wote.

"Nyamazeni!" Bi Msasa alikuwa amemshika shemeji yake shati kwa mikono yote miwili. "Shemeji, ni jicho lake! Anitukane mimi, amtukane yeye, atutukane sote mpaka achoke, lakini atoe hela! Matusi yanamtoa mtu nini? Mwachie mlango!"

"Macho ya kaka yangu hayanunuliwi kwa matusi," Mdogo alisema, na makofi yakaongezeka. "Tutachanga sisi wenyewe. Mungu mkubwa."

"Mtachanga nini? Vijiko?"

Alimwacha, akamkimbilia mama wa mlimani aliyekuwa ameshapanda garini. Alishika kioo cha dirisha. Alisema mama, upande wetu chukua, uchukue kwa bei yoyote, upo dukani, naubeba mwenyewe sasa hivi. Mama yule alimtazama kwa mshangao, bila chuki hata, kama anavyotazamwa mtu aliyesahau alichoambiwa.

"Nusu siutaki," alisema. "Nilishakwambia."

Kioo kikapanda. Dereva alimpungia mkono kidogo, kwa huruma, na gari likaondoka na vikapu vyake vikitikisika. Hakuna mwingine aliyelitazama likienda. Wote walikuwa wamewageukia ndugu wawili waliokuwa wamekumbatiana katikati ya barabara, mmoja akilia, mmoja akicheka, na mzee mmoja wa duka la mikeka alikuwa akiwatangazia watu kwa sauti: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Bi Msasa alivichukua vinyago vyake kutoka vumbini. Hayo ndiyo yalikuwa mavuno yake.

*

Hawakungoja hata kesho. Jua lilikuwa bado halijazama, ndugu wale wakauondoa mlango wa bati wa nyumba ya Mkubwa, ule unaoelekea uani, na kuanza kuutundika mlango wa baba yao. Mke wa shemeji alileta chai, akamkuta Bi Msasa amekaa kwenye kigoda uani, akamwekea kikombe karibu na mguu, akasema, "Kunywa, dada." Dada! Asubuhi alikuwa hastahili kiti. Bi Msasa aliitazama chai ikipoa.

Ndani ya nyumba palikuwa na kelele za sherehe. Mdogo alinyanyua, Mkubwa akashika bawaba kwa vidole na kuelekeza. Walicheka walivyokuwa wakipigwa na baba yao kwa ubapa wa msumeno. Walikumbushana nani aliiba asali ya nani. Kila baada ya muda Mdogo alisema, "Na macho, kaka, usiwe na shaka, tutachanga," na Mkubwa akasema, "Najua, najua," kama watu wanaozungumzia mvua. Bi Msasa aliwasikiliza. Alijua cha mfukoni mwa Mkubwa na alikiona cha kwenye ungo wa Mdogo, na mkono mtupu haulambwi. Alikuwa na hasira nao kiasi kwamba meno yalimuuma. Wamempata ndugu, wote wawili, na aliyelipia udugu huo ni yeye.

Pande zote mbili zilikuwa zimekaa. Mdogo alizifunga, mfaa ukaziba ufa, akarudi nyuma akipangusa mikono kwenye suruali. Kwa kweli ulikuwa mlango. Majani yalitoka upande huu yakavuka kwenda upande ule, yakakamilika. Ila ule uliolala miaka juu ya mapipa ulikuwa umepinda, na chini yake palibaki uwazi wa kupitisha kiganja.

Mkubwa alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni, amegeuzia uso ulipo mwanga. Alikuwa anatabasamu.

"Mke wangu!" aliita. "Njoo utwambie. Umekaa sawa?"

Bi Msasa hakuinuka.

"Njoo uangalie mwenyewe," alisema.

Mdogo akaacha kupangusa mikono. Mkewe aliinamia vikombe. Mkubwa alibaki na tabasamu lake kwa muda kidogo, halikujua pa kwenda. Kisha akanyoosha mikono mbele, akautafuta mlango, akaupata, akaanza kuupapasa kutoka juu kushuka chini, jani kwa jani, mpaka vidole vikafika kwenye uwazi, vikasimama hapo.